Moyo wa Pamba

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Alisema amechoshwa na janja zangu. Aliondoka na paka mdogo, Pamba, akaniachia mama wa paka huyo, Bi Mkubwa. Huyu hulala kwenye kiti cha mke wangu, juu ya shali yake. Namwonea wivu.

Leo nimempeleka chanjo. Ukutani kwa daktari wa wanyama pana mchoro wa moyo wa paka. Nikauliza, kupitisha muda tu. Daktari akasema paka na mbwa wana magonjwa ya moyo ya kurithi. Kwa paka, mara nyingi misuli ya moyo hunenepa na damu hupita kwa shida. Mzazi mmoja tu mwenye jeni ya ugonjwa huo anaweza kumpitishia mtoto. Nikauliza, kwa hiyo mama akiugua, mtoto apimwe? Akasema ni vizuri.

Nikarudi nyumbani miguu haigusi chini.

Jumanne
Nimempigia mke wangu simu. Nikasema Bi Mkubwa ana ugonjwa wa moyo wa kurithi. Akauliza kama anakula. Sauti ile! Nikajibu anakula kwa kujilazimisha. Bi Mkubwa alikuwa anamalizia samaki wangu.

Atamleta Pamba kupimwa Alhamisi. Nimenyoa ndevu leo, nitanyoa tena kesho.

Jumatano
Nimemwomba daktari aniunge mkono. Amekataa. Akampima Bi Mkubwa kwa mashine: moyo buheri wa afya. Nikauliza kama ugonjwa hauwezi kujificha. Akasema paka anaweza kubeba jeni bila kuugua. Nikaondoka na hilo, lilinitosha.

Alhamisi
Mke wangu alikuja kwa daktari amevaa gauni la bluu, Pamba kwenye kikapu. Alikaa mbali, kisha akasogea. Harufu ya mafuta ya nywele zake ni ile ile. Sikusikia neno la daktari mpaka alipotugeuzia kioo cha mashine.

Ukuta wa moyo wa Pamba umenenepa. Kweli.

Mke wangu akanishika mkono. Najua hakunishika mimi, alishika kilichokuwa karibu. Sikutikisa hata kidole.

Daktari akasema kuna dawa, Pamba anaweza kuishi vizuri. Ila kwa kuwa moyo wa mama ni mzima, huenda alirithi kwa baba. Mke wangu akanigeukia.

“Si ulisema Bi Mkubwa anaumwa?”

Mkono ukaondoka.

Baba tunamjua sote: dume la jirani yetu, fundi saa. Mwanaume huyu simpendi. Humsalimia mke wangu akiwa ameinama kama anatafuta skrubu.

Jumamosi
Mke wangu alikuja mtaani kwetu. Nikakimbia kufungua mlango. Akapita, akaenda kwa fundi saa. Wakampeleka dume lake kupimwa. Naye ana moyo mnene. Nasikia fundi alilia hadharani, na mke wangu akampa leso. Leso yake!

Jioni alisimama mlangoni kwangu, akamkuna Bi Mkubwa kichwani. Akasema, “Ahsante. Bila uongo wako nisingejua mtoto anaumwa. Lakini sirudi.”

Nilitaka kumwambia nyumba imekuwa kubwa mno. Nikamwambia bomba la jikoni nimelitengeneza. Sijalitengeneza. Akatazama upande wa jikoni kidogo, akaenda zake.

Jumapili
Pamba na baba yake wanatumia dawa moja, kwa hiyo mke wangu atakuwa anakuja kwa fundi saa kuulizana hali. Nimekaa dirishani kutwa. Hakuja. Kila kiatu kilichopita nilikisikiliza.

Ila kuna jambo. Nimekutana na daktari dukani, nikamuuliza kuhusu mbwa. Anasema wapo mbwa wakubwa wanaorithi moyo unaotanuka na kulegea. Mke wangu anapenda mbwa kuliko paka. Mlinzi wa ghala la mtaani kwetu ana dubwana moja la mbwa, na amekubali kuniazima.

Kesho nitampigia mke wangu simu. Nitasema nimemchukua mbwa, na anakohoa. Asipokohoa, nitakohoa mimi.