Ukuta Kati ya Jiko na Kochi

Jumamosi, 5 Julai

Miezi minne na siku kumi na moja. Sihesabu, ila kazi yangu ni kupima marobota ya katani pale Ngombezi, na mizani ikishaingia kichwani haitoki. Rosina bado yuko Mazingara kwa mama yake, Mama Stefania, aliyeteleza kisimani akavunjika nyonga. Leo amepiga simu. Mama anatembea kwa fimbo. Nikauliza, basi unarudi lini. Akasema tutaona. Silipendi neno hilo. Mama ameapa hahami Mazingara, Rosina ameapa hamwachi peke yake, na mimi sijaulizwa kiapo changu.

Nimekula wali wa jana nikiwa nimesimama.

Nimepata wazo. Mwaka juzi tulialikwa kwa meneja. Jiko lake halina ukuta, limeungana na sebule. Mkewe anakaanga nyama huku anapiga soga na wageni waliokaa kwenye makochi. Njiani kurudi Korogwe Rosina akasema yule mwanamke anapika huku anawaona watu wake. Mimi nilikuwa naiwaza ile nyama. Leo nimelisikia neno lake upya.

Nitavunja ukuta wa jiko letu. Atakuja kutazama mara moja tu, na akishaona hatatoka. Mama atakaa na Grasiana, mdogo wake Rosina, ambaye yuko nyumba ya tatu kutoka kwa mama na kazi yake ni kusuka nywele. Rosina asijue kitu.

Jumapili, 6 Julai

Fundi Abdulaziz amekuja. Amegonga ukuta kwa kidole kama daktari anayegonga kifua. Ameuliza kama mama mwenye nyumba anajua. Nikasema namshtukiza. Akasema kazi za kushtukiza wake za watu huwa anazifanya mara mbili. Nimecheka kwa adabu. Mafundi wanapenda kujisikia.

Jumanne, 8 Julai

Ukuta umelala. Vumbi kwenye ugali, vumbi kwenye redio, hata msomaji wa habari anakohoa. Kutoka jiko la gesi hadi kochi langu ni hatua nane. Nimekaa jioni nzima nikitazama mahali atakaposimama. Pana ndoo. Nimeitazama ile ndoo kuliko inavyostahili.

Alhamisi, 10 Julai

Kaunta. Abdulaziz ameuliza kimo cha mke wangu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, nimekwama. Nimemwonyesha kifuani kwangu: akifurahi anafika hapa, akinuna anafika hapa. Akasema saruji inataka jibu moja. Nikatoa gauni lake kabatini, tukalining'iniza. Gauni halina viwiko. Na bado lilikuwa linamnukia, nikalirudisha haraka fundi asione uso wangu.

Jirani yangu Asnath yuko kimo kile kile. Nimemwomba asimame badala yake. Amesimama saa nzima akikoroga sufuria tupu, Abdulaziz anampima kiwiko, anampima kiuno, anaandika ukutani. Asnath ameonja mchuzi ambao haukuwepo, akasema chumvi imezidi, ndiyo maana mwenzako kakaa Mazingara. Nimevumilia. Kazi imekwenda vizuri. Mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya vumbi, watu wawili watatu wakasalimia wakipita. Mmoja ni yule mnunuzi wa mahindi anayekwenda Mazingara kila Ijumaa. Nikampungia mkono kwa furaha.

Jumamosi, 12 Julai

Stuli ndefu tatu zimefika kutoka kwa seremala. Ni ndefu kweli. Nimekula nikiwa juu kule, miguu inaning'inia kama mtoto aliyepelekwa kunyolewa.

Jaribio la kwanza: dagaa wa kukaanga. Harufu imetoka jikoni, haikukutana na ukuta, imeingia kwenye makochi na kukaa. Vitambaa vya makochi alivifuma Rosina mwenyewe, mwaka tulipohamia hapa. Nimevifua. Vile vya bluu vimevipaka rangi vile vyeupe. Sasa vyote ni vya rangi ambayo sijui jina lake, na vinanuka dagaa.

Jumapili, 13 Julai

Rosina amekuja. Saa tano asubuhi, peke yake, na mkoba mmoja. Nikafungua mlango nikidhani ni kunikumbuka. Hakunisalimia. Akauliza yuko wapi. Nikauliza nani. Akasema yule mwanamke anayepika nyumbani kwangu mchana kweupe huku fundi anampima kiuno. Mazingara nzima inajua hadi kimo chake.

Nimeeleza. Asnath ameitwa, naye ameeleza kwa kicheko, na akaitaja ile chumvi tena. Ndipo Rosina akageuka, akaona. Alicheka. Sijasikia kicheko kile tangu mwezi wa pili. Akaenda kwenye kaunta, akaweka viwiko. Kimo sawasawa. Akapitisha kiganja juu yake taratibu, akanitazama kutoka kule, hatua nane. Nilikuwa kochini. Ilikuwa vile vile nilivyotaka, labda kwa dakika mbili.

Kisha akakaa chini. Akasema mama amekubali.

Nikauliza amekubali nini. Kuhama, akasema. Ameombwa miezi yote hii, Alhamisi usiku akakubali. Waje Jumamosi, akae kile chumba cha uani ambacho mlango wake unatokea jikoni, ashinde na binti yake pale kwenye moto. Alitaka kunishtukiza.

Halafu akauliza, kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali: na mama atakula wapi, Erasto, nawe umekaa hapo?

Miaka kumi na tisa mimi na mama mkwe hatujawahi kuonana tukila. Kwao haifai, na kwetu haifai. Nikipita uani kwake anajifunika kanga na kugeukia migomba. Tunasalimiana mlango ukiwa katikati, na tunapendana sana kwa njia hiyo. Ukuta mmoja tu ndio ungemwezesha kuishi nyumba hii. Nimelipia nyundo kuubomoa.

Nikasema pazia. Akauliza, upepo je? Akaondoka na gari la saa nane. Akasema ukuta ukisimama, nimwambie.

Jumatano, 16 Julai

Ukuta unasimama. Abdulaziz hakusema neno hadi mstari wa tatu wa matofali, ndipo akaomba dakika moja, akaenda uani. Nilimsikia akicheka na Asnath. Kaunta imebaki upande wa jiko. Stuli moja amechukua Asnath, kuku wake wanalala juu yake. Wao hawalalamiki miguu.

Jumamosi, 19 Julai

Wamefika. Mama mkwe ameingia kwa mlango wa uani. Nimesimama upande wangu nikasema shikamoo mama. Marahaba baba, akajibu, pole na kazi. Akasema nyumba nzuri, ina ukuta mpya. Rosina akaangusha mwiko kwa kucheka.

Wamepika bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda. Nimeletewa sahani yangu, mlango ukafungwa. Nimesikiliza jioni nzima. Sufuria, fimbo, maneno ya Kizigua nusu nusu, vicheko. Mke wangu amerudi. Yuko hatua nane kutoka hapa na sijui hata amevaa nini.

Jumapili, 20 Julai

Nimefanya uchunguzi. Mama mkwe hukaa kwenye kigoda, chini kabisa, upande wa kushoto. Rosina husimama. Kwa hiyo tundu dogo la mraba, la kupitishia sahani, likiwekwa juu kidogo upande wa kulia, litaonyesha uso mmoja tu. Nimechora kwa penseli, nyuma ya kalenda.

Jumanne wanakwenda hospitali kupima nyonga. Nimempigia Abdulaziz. Ameuliza kama mama mwenye nyumba anajua. Nikamwambia aje mapema, kabla hawajarudi.