Marejesho kwa Mkupuo

Jumatatu, tarehe 6

Barua imefika! Kutoka bodi ya mikopo, wale waliokuwa wakinilipia chuo mpaka ini likagoma, macho yakawa rangi ya ndizi mbivu, nikarudishwa nyumbani kulala miezi mitano. Sasa nimepona, mashavu haya. Ndani ya barua mna fomu, na juu ya fomu, herufi kubwa: MAREJESHO. Yaani wananirejesha chuo! Nilijua tu. Chuo bila mimi ni chai bila sukari.

Swali la tatu: marejesho yawe kwa awamu au kwa mkupuo? Nikacheka peke yangu. Nirejee kwa awamu, leo mguu, kesho kichwa? Mkupuo! Mama alikuwa kwenye cherehani yake, sare za kwaya zimemzidi. Akatia sahihi pale pa mdhamini, pini bado ziko mdomoni. Mdogo wangu wa kike, ninayemwita Kisirani, akaomba aisome kwanza. Nikamwambia mtoto wa kidato cha pili hasomi barua za wasomi.

Jumanne, tarehe 7

Fomu nimeipeleka mwenyewe, ofisi ya bodi. Karani wa dirisha la nne, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akauliza kama nina hakika na huo mkupuo. Nikamjibu, mzee wangu, mimi tangu utoto si mtu wa kidogo kidogo. Akavua miwani. Akauliza kama nimepata kazi. Nikasema kazi ya nini, nguvu si ninazo! Akawaita wenzake waje kunitazama. Mmoja akanipa mkono, akasema vijana wote wangekuwa hivi tungefika mbali.

Nimerudi kwa miguu. Sikuihisi njia.

Jumatano, tarehe 8

Asubuhi nimeaga mtaa mzima. Muuza mkaa ameniazima begi. Kinyozi amenyoa bure, akaniomba nisiwasahau nikishakuwa mkubwa. Nikasema nitajitahidi.

Saa nane, simu. Ujumbe: ombi lako la kulipa deni lote kwa mkupuo limepokelewa, litaidhinishwa Ijumaa. Ukishindwa ndani ya siku thelathini, atadaiwa mdhamini.

Deni lote! Tarakimu zilivyo nyingi, nilidhani ni namba ya simu ya mtu.

Kisirani amefurahi kupita kiasi. Ati kaka, kurejea ni wewe, kurejesha ni mali ya watu. Nikamwambia tofauti ni herufi mbili tu. Akajibu herufi mbili hizo zina bei.

Mama aliondoa mguu kwenye pedali, akaifuta cherehani kwa upindo wa gauni, taratibu, kama anayeiaga. Hapo ndipo ini liliponiuma upya.

Alhamisi, tarehe 9

Mbinu! Wakiniona bado mgonjwa, watafuta kila kitu. Nimejipaka manjano ya jikoni uso, shingo, mpaka kucha. Kwenye kioo nikajionea huruma, nusura nilie.

Lakini foleni ndefu, jua kali, na jasho halina siri. Mama mmoja nyuma yangu akauliza nani kaja na mchuzi. Dirishani, karani akapitisha kidole shavuni mwangu, akakinusa, akasema mwanangu, homa yako imebakiza kitunguu tu. Wakacheka wote, hata mlinzi, aliyekuwa amelala.

Kisha mzee akashusha sauti. Aliyeugua haulizwi rangi, anaulizwa karatasi. Kwenye kompyuta yao ninaonekana nimeacha chuo, sikuahirisha. Nilete barua ya daktari na barua ya chuo kabla fomu yangu haijapanda kwa mkuu, kesho saa sita.

Nimepekua nyumba nzima. Nimepata soksi tatu na funguo zisizo na mlango.

Ijumaa, tarehe 10

Barua zote mbili Mama amezitoa chini ya godoro lake, ndani ya mfuko wa nailoni, zimenyooka kama zilizopigwa pasi. Amesema alimjua mtoto wake siku ya kwanza. Tumekimbia pamoja! Saa sita kasorobo tuko dirishani. Mama, ambaye hapiti hata mbuzi bila kumsalimu, akazisukuma bila salamu. Karani akasoma, akaenda mbele, akarudi nyuma. Akagonga mhuri: ALIAHIRISHA. Fomu yangu akaichana vipande vinne. Deni litasubiri nimalize masomo, na chuo kinanipokea muhula ujao.

Mama akakaa palepale sakafuni. Akacheka. Akanitandika kofi la mgongo. Akacheka tena.

Jumamosi, tarehe 11

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa langu. Watu hawazielewi fomu, na wa kuwasaidia hakuna. Nimetoa meza barazani, nimeandika bango: MTAALAMU WA FOMU. Kisirani ameliona, amecheka mpaka kwikwi. Wivu.

Mteja wa kwanza kafika saa tatu, kijana wa mtaa wa pili, naye ana mkopo kama mimi. Amekwama swali la saba: je, una malimbikizo? Kalamu ameshaitafuna. Nikamtuliza. Ndugu yangu, Kiswahili nimezaliwa nacho. Malimbikizo na malimbuko ni mtu na kaka yake: mavuno ya kwanza, baraka tupu.

Nimemjazia mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri: Ndiyo, mengi, tunamshukuru Mungu.