Kitufe cha Kunyamazisha

Jumatatu, 4 Machi
Mashine mpya ya kupumulia imefika chumba cha wagonjwa mahututi. Vitufe vyake vingi utadhani inaendeshwa na rubani. Miaka ishirini na miwili ya uuguzi, na leo imenipigia kelele mbele ya wanafunzi kumi na mmoja! Sikujua inalilia nini. Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Kimya. Nikageuka kwa madaha, nikawaambia kengele ikilia, nyamazisha kwanza, akili itulie. Wote wakaandika. Hasa binti wa mstari wa mbele tunayemwita Karani, maana huandika hata nikipiga chafya.

Mkufunzi mwenzangu alikuwa mlangoni. Sindano, ndivyo tunavyomwita kwa ajili ya ulimi wake. Alinitazama tu. Mtu aliyezaliwa mwaka niliooa!

Jumanne, 5 Machi
Mkuu wa mafunzo ametangaza: kozi ya kuwahudumia mahututi wasioweza kupumua itapata kiongozi mmoja. Mimi au Sindano. Kesho anaanza kutuangalia tukifundisha.

Mke wangu kanishauri nisome kitabu cha mashine. Kurasa mia mbili! Nimemwambia mkongwe hasomi, mkongwe hupanga. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Nimepanga.

Jumatano, 6 Machi
Niliingia chumba cha mazoezi kabla ya watu. Sanamu letu la plastiki limelala na mpira wa hewa kooni. Nikalegeza kiungo cha mrija. Kidogo tu.

Sindano alipoanza somo, mashine ya mazoezi ikapiga mayowe. Nikakunja mikono kusubiri aibu yake. Wala hakuigusa! Aliwauliza wanafunzi kama kifua kinapanda. Hakipandi. Akafuata mrija kwa kidole kutoka kooni, akakikuta kiungo changu. "Mashine inamlilia mtu asiyeweza kulia," akasema. "Mtazameni mtu kwanza."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mkuu akapiga makofi. Mimi pia nikajikuta napiga. Mchimba kisima, nimeingia mwenyewe.

Karani peke yake hakulisikia somo hilo. Nilikuwa nimemtuma maabara na sampuli ambazo ningeweza kuzipeleka mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Leo sina mzaha.

Kitanda cha tatu yupo fundi cherehani, mtu mzima, siku ya tatu kwenye mashine mpya. Binti yake huja kila mchana kumpaka mafuta mikononi. Saa nane kengele ikalia. Aliyekuwa karibu ni Karani. Akanyamazisha. Kisha akafungua daftari atafute nilichosema kinachofuata.

Sikuwa nimesema kinachofuata.

Nilikuwa hatua sita tu kutoka pale, najaza fomu ya kuomba uongozi wa kozi. Niliposikia kimya nikajua mambo shwari. Sindano ndiye aliyeona midomo ya mzee imebadilika rangi. Makohozi yalikuwa yameziba mpira. Akamtoa kwenye mashine, akampumulisha kwa mfuko wa mkono, akamwambia Karani afyonze. Karani akafyonza. Mara kifua kikapanda.

Binti wa mzee alikuwa nje ya kioo, kopo la mafuta mkononi. Aliona yote. Aliniona na mimi, na kalamu yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Kikao. Mkuu alimuuliza Karani nani alimfundisha kunyamazisha kwanza. Daftari lilikuwa mapajani mwake, na siku yenyewe na maneno yangu yamo. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Dari yetu ina madoa manne.

"Nilichanganyikiwa tu, mkuu," akasema.

Ameondolewa wodini. Atarudia muhula mzima. Mimi nilikohoa. Huo ndio mchango wangu wote kikaoni: kikohozi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimerudisha sahani ya chakula kama ilivyokuja. Mke wangu akauliza kulikoni, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alisema mtoto wa watu amenisitiri, nami nimemwacha uchi.

Maneno yamenichoma. Nimeamua kumwokoa Karani, ila kwa akili. Nimemwandikia mkuu barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto, kwamba mwalimu fulani mzoefu, mwenye sifa nyingi, huenda alieleweka vibaya. Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi yake.

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu ameniita. Barua iko mezani. Kumbe chini nilitia saini. Mazoea!

Basi nikayamwaga yote. Kitufe, sampuli, kikohozi. Hata kiungo cha mrija, ambacho hakuna aliyeniuliza. Sindano alikuwepo. Nilidhani atanichoma. Akasema, "Kaka, kesho saa mbili njoo darasani. Ukae na wanafunzi." Nafuu angenitukana.

Karani amerudishwa wodini. Uongozi wa kozi amepewa Sindano. Mimi nitakuwa mwanafunzi wake kwa wiki sita, na onyo kwenye faili.

Nimekwenda kitanda cha tatu kuomba radhi. Mzee ametolewa mpira tangu asubuhi, anapumua mwenyewe, sauti imekauka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono. Binti yake hakunipa. Ana haki. Nimelia kwenye chumba cha mashuka kama mtoto mchanga.

Jumatano, 13 Machi
Siku ya pili darasani. Karani kaniwekea kiti karibu naye na kalamu ya akiba. Hakunisema hata kidogo, na hilo linaniuma kuliko onyo. Nimemwahidi, nimemwahidi mke wangu, nimemwahidi Mungu: sitafuti tena njia ya mkato maishani. Mtu alikaribia kufa kwa uvivu wangu. Nitasoma zile kurasa mia mbili, moja baada ya nyingine.

Nimefika ya tisa. Ni ngumu.

Mtihani ni Ijumaa. Mtunza stoo, tuliyesoma naye, kaniambia karatasi za maswali zimo kwenye kabati lake. Nimemwomba ufunguo dakika mbili tu. Nataka kuhakikisha hazipati unyevu.