Mate ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa! Kliniki ya utafiti inatafuta wagonjwa wa goti. Wanachukua seli zako mwenyewe, wanazikuza maabara, wanazirudisha gotini, gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, linaota upya. Daktari alisema shabaha si kuongeza miaka tu, ni kuongeza miaka ya kutembea. Mimi fundi rangi. Goti la kulia limenigomea. Ngazi ya hatua sita naipanda kwa kuugua hatua zote sita. Nikiipata tiba hii, narudi kupaka dari. Imebaki nafasi moja.

Tatizo: Shemeji, kaka wa mke wangu, naye ameomba. Fundi cherehani! Anakaa kutwa nzima. Goti lake limechoka kwa kazi gani?

Jumanne, 4 Machi
Nimepewa kichupa cha kutemea mate nyumbani, wasome vinasaba. Nesi hakusema vya nini. Mimi si mtoto: wanatafuta wenye miili ya kudumu. Sasa ukoo wetu, tuseme kweli, haudumu. Ila nyumbani kwangu anaishi Mama Mkwe. Miaka themanini na sita, meno yote yake, kidonge hakijui, analalamikia goti tu. Akili ni mali!

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Mama Mkwe ni uchunguzi wa meno ya familia. Alinipima kwa macho kuanzia viatu kwenda juu. Akasema miaka thelathini amejizuia kutema mate mbele yangu, na leo nimemletea chombo mwenyewe. Akajaza mpaka alama, akaongeza.

Nimeandika jina langu, nimepeleka. Shemeji alikuwa kwenye foleni na kichupa chake, hata nusu hakijafika. Maskini. Nilimpigapiga begani.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeitwa! Nikavaa shati la harusi. Shemeji naye kaitwa. Daktari akaanza kwa kusema vinasaba vyangu ni vya ajabu, hajaona mfano wake. Nikamtupia Shemeji jicho. Kisha akasema kuna mambo mawili madogo. Kwanza, mimi ni mwanamke. Pili, mashine hulinganisha sampuli zote ili ndugu wa damu wajulikane, na imeonyesha kwamba mimi ndiye niliyemzaa Shemeji.

Shemeji akainuka, akaniamkia shikamoo, akaniita mama. Mjinga yule!

Nikasema yote. Daktari akavua miwani. Akaeleza kwamba vinasaba ni vya kumbukumbu za utafiti tu. Mgonjwa anachaguliwa kwa picha ya eksirei. Na goti bovu kuliko yote lilikuwa langu. Nafasi ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza. Sasa nimefutwa kwa udanganyifu.

Iliniuma. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka foleni yote ikaisha.

Alhamisi, 20 Machi
Ushindi! Shemeji hakupata! Eksirei imesema goti lake ni zima. Anachoumwa ni uvivu. Daktari alikuja mwenyewe kumwomba radhi Mama Mkwe kwa habari ya mate yake, akaliona goti, akalipiga picha. Nafasi kapewa yeye! Watamfuatilia miaka kumi, na lazima aishi karibu na kliniki. Yaani kwangu. Mke wangu amelia kwa furaha. Mama Mkwe amesema akipona tu atapanda ngazi yangu akague dari ya sebuleni, kwa sababu kuna doa nililolificha analolijua siku nyingi.

Miaka kumi. Hata hivyo, Shemeji hakupata.

Jumamosi, 22 Machi
Daktari ana moyo wa dhahabu. Nilimwandikia barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, chozi la kweli kwenye ukurasa wa pili. Amenisamehe! Awamu mpya inaanza Jumatatu, naanza upya kama mtu mwingine. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Safari hii hawataki mate, wanataka mkojo. Kosa langu lilikuwa kumtumia mwanamke.

Shemeji nimemwalika chai kesho, tusahau yaliyopita. Amefurahi sana. Birika zima ni lake. Ufunguo wa choo uko mfuko wangu wa kulia, kichupa kiko wa kushoto.