Mkojo wa Saa Saba Mchana

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nina miaka sabini na minane. Nimewazika wake wawili, wakuu wanne wa makazi haya ya wakimbizi ya Ulyankulu, na mwezi jana rafiki yangu Nijimbere. Tangu tulipokuwa tukichunga ng'ombe Burundi tulishindana nani anakojoa mbali. Alinishinda kila siku, halafu anapiga mluzi. Sasa yuko chini, mimi niko juu. Nani mshindi?

Nesi Tekla wa zahanati kaniletea mashine. Ndoo nyeupe, juu ina faneli, pembeni taa ndogo ya kijani. Unakojolea, inapima kasi, inatuma kwenye simu yake kwa mtandao. Nikitoa matone matone, napelekwa Tabora mjini kupasuliwa tezi dume. Mimi? Kisu? Thubutu! Kanipa na daftari hili niandike kila nikikojoa. Naandika na mengine.

Ndoo ina mkwaruzo. Kasema ilikuwa kwa marehemu Nijimbere, imeoshwa kwa dawa.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu kwanza nyuma ya zizi, mashine isinione. Nimesimama muda wa kusali rozari nzima. Matone saba. Sijamwambia mtu.

Nikapata akili. Birika! Maji ya uvuguvugu, nikaanza kumimina ndooni polepole, nikaongeza nguvu, mwisho nikatikisa. Fundi! Tekla kapiga simu, kasema babu, huo mkondo wa kijana. Nikamwambia ndivyo tulivyo sisi.

Jumatano, 5 Juni
Tekla tena. Kauliza mbona jana saa saba mchana nilirudia, tena kwa nguvu kuliko asubuhi.

Saa saba nilikuwa kwenye mkutano wa chama cha tumbaku. Watu arobaini waliniona. Nikajibu ndiyo, ni mimi. Sifa ni sifa.

Nikaenda chooni kuangalia. Ndoo kavu. Choo kizima kinanuka tumbaku ya kiko cha Nijimbere.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeweka kiti mlangoni pa choo tangu saa sita. Jua kali. Kuku wamenyamaza. Njia ya zamani ya wapagazi, kule nyuma, haina mtu. Saa saba kamili nikasikia ndani mkojo unapiga ndoo. Mrefu. Hauishi! Nikasukuma mlango. Hakuna mtu. Ndoo kavu, taa inawaka. Halafu mluzi, sikioni kabisa.

Nikamwambia, Nijimbere, umekufa, acha mashindano. Nikamimina mabirika mawili, asije akajiona.

Spesioza, mke wangu, kasema ndiyo malipo ya kususa kumaliza matanga. Wenzangu wote walikunywa pombe ya marehemu, mimi nilijifungia ndani. Kasema niende nikanywe na wanawe, halafu nikapasuliwe, mzee mkaidi wewe. Nimekataa. Kwenda ni kukubali alinishinda.

Ijumaa, 7 Juni
Tumbo gumu kama ngoma. Hata tone. Asubuhi Tekla kasema kanifuta kwenye orodha ya kupasuliwa, nina mkondo mzuri. Nimeshangilia nikiwa nimejikunja sakafuni.

Saa nane kaja mbio na gari la wagonjwa. Kasema saa saba mashine imetuma matone saba tu, kisha sufuri, sufuri, sufuri.

Saba! Nani kamwambia? Nyuma ya zizi nilikuwa peke yangu.

Jumapili, 9 Juni
Hospitali, Tabora mjini. Wameniingiza mpira wa mkojo, imetoka lita moja na nusu. Daktari kasema ningechelewa siku moja figo zingekufa. Kesho kutwa kisu. Spesioza analia, kasema Nijimbere kaniokoa, nimshukuru.

Nimshukuru nini? Mchongezi! Kaona birika langu linampita, akanisemea kwa nesi.

Kitanda cha jirani yupo mzee Mfaume. Naye ana mfuko wa mkojo. Wake umefika nusu, wangu robo. Ananitazama kwa dharau. Sasa kasinzia. Nimemwomba Spesioza aniachie birika la chai, nimemwambia nina kiu.

Anayebisha haya amuulize Spesioza. Amuulize nesi Tekla. Na Nijimbere mwenyewe hayuko mbali. Saa ya ukutani inasema saa saba, na chini ya kitanda changu kuna mtu anapiga mluzi.