Kiingilio cha Msitu wa Nyansiongo

Bosibori aliingia dukani kwa Subhash, mjini Kisii, kununua zipu moja tu, akatoka na hifadhi ya taifa.

Ilikuwa hivi. Geeta, mkewe Subhash, ambaye wateja humwita Mama Jay, alikuwa akipima kitambaa huku akilalamika kwa sauti ya kufika barabarani. "Dada yangu wa Leicester amekuja juzi tu, tayari ameona msitu wa mvua Kakamega. Mimi nimezaliwa Kenya hii, msitu naona kwa kalenda!"

"Kakamega ni mbali," Subhash alisema. "Nifunge duka siku nzima?"

Mtu mwingine angesikia ugomvi wa mke na mume. Bosibori alisikia riziki ikimwita kwa jina.

"Mama Jay, nani alikwambia ni Kakamega pekee? Kuna hifadhi mpya hapo Nyansiongo. Msitu wa mvua kabisa! Mimi ndiye huwa natembeza wageni."

"Mbona sijaisikia?"

"Haijatangazwa. Ikitangazwa, watu wa Nairobi wataijaza."

Sababu hiyo ilimwingia Geeta kama sukari kwenye chai. Subhash, ambaye hajawahi kununua kitu bila kukigeuza upande wa pili, aliweka sharti. "Msitu ya mvua bila mvua ni miti tu. Ikinyesha, nalipa. Isiponyesha, silipi."

Bosibori nusura amkumbatie. Mvua ya alasiri ikose Nyansiongo?

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wote watatu walikuwa wamesimama katikati ya mikaratusi, kati ya shamba la majani chai na la mahindi. Mwenye miti Bosibori hakumjua, na kwa heshima zake hakutaka kumsumbua.

"Mbona imepangwa kwa mistari?" Subhash aliuliza.

"Ni msitu wa serikali, mzee. Serikali inataka nidhamu."

"Na ile ng'ombe?"

"Huyo ameajiriwa. Anapunguza nyasi."

Geeta hakuwa na maswali. Aliokota jani, akalisugua viganjani, akalinusa huku amefumba macho. Kwa muda mfupi Bosibori alihisi kitu kikimchoma kifuani. Kisha akaiona bahasha ya malipo mfukoni mwa shati la Subhash, na maumivu yakapoa.

Tatizo lilikuwa juu. Anga lilikuwa la buluu, safi kama sahani ya wageni.

"Hakuna hata wingu," Subhash alisema kwa furaha.

"Inakuja, mzee. Huwa inakuja."

Aliyekuja ni mwanamke mzee, panga mkono huu, mwavuli mkono ule. "Nani amewaruhusu kwa miti yangu?"

Bosibori hakupepesa macho. "Mama Jay, mna bahati! Huyu ndiye mkuu wa hifadhi mwenyewe, Mama..."

"Nyamusi," mzee alijibu polepole. Alimtazama Bosibori, akamtazama Geeta na jani lake, akaitazama bahasha. Panga likashuka. "Karibuni hifadhini. Huyu msichana wangu amewatembeza vizuri?"

"Vizuri sana!" Geeta alisema. "Ila mvua."

Nyamusi alinusa upepo. "Ingieni chini ya mwavuli."

Hawajatulia, mvua ikawamwagikia kutoka nyuma ya mlima, na mawe yake ndani. Geeta akacheka kama mtoto, akautoa mkono nje ulowe. Bosibori, ambaye mwavuli haukumtosha, alicheka zaidi yake. Alinyoosha kiganja.

Subhash alitoa bahasha, akampa Nyamusi.

"Mzee," Bosibori alisema, "tulipatana mimi na wewe."

"Kwangu dukani, pesa hapewi mfanyakazi. Anapewa mwenye duka." Akamgeukia Nyamusi. "Sivyo, mama?"

"Ndivyo, mwanangu," Nyamusi alisema, bahasha tayari iko kifuani. "Nendeni salama. Huyu atabaki, tuna kikao cha wafanyakazi."

Gari liliondoka, Geeta akipunga mkono dirishani. Bosibori alibaki akitiririka maji.

"Mama, tugawane basi. Nusu kwa nusu."

"Tutagawana nini? Wewe mwenyewe umeingia bila kulipa." Nyamusi aliliegemea panga kama bakora. "Umetoka wapi? Nyamira hapa, ama Kisii?"

"Kisii," Bosibori alisema, akidhani anahurumiwa kwa umbali wa safari.

"Pole. Wenyeji ndio hulipa nusu."

Bosibori alilitazama panga, akafungua mkoba.