Hotuba ya Kuzindua Mstari Mfupi wa Logi, Kidahwe

Kabla sijatambua itifaki, nijitambue mwenyewe kwanza: mimi, Telesphory wa Gungu, kidato cha pili na nusu, ndiye fundi pekee kuanzia Kasingirima mpaka hapa Kidahwe ambaye seva ikisikia hatua zake inaacha kunguruma na kukaa sawa, na wataalamu wa Dar es Salaam wakikwama huwa wananiota. (Kicheko. Mtu anasema, "Huyu tena.")

Mheshimiwa Bonifasi, Mlinzi Mkuu wa Geti na Mshika Funguo za Choo. Mheshimiwa Dada Skolastika, Mkurugenzi wa Kibodi, ambaye chini ya meza yake ndipo ilipo seva yetu, imefunikwa kitenge kwa sababu za kiusalama na za vumbi. Waheshimiwa madereva wa mabasi mawili, la kambi ya zamani na la kambi mpya, ambao nawaomba wazime injini ili maendeleo yasikike. Mzee Ndayikunda, shikamoo, msemaji wa foleni. Mama Capitoline, shikamoo, uliyesimama hapo mbele tangu asubuhi. Ndugu zetu wakimbizi, nyote mliovuka ziwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu. Injini hazizimwi.)

Kama mnavyofahamu, au kama mtakavyofahamu baada ya mimi kuwafahamisha, kila anayeshuka melini na kuletwa hapa huandikishwa na Dada Skolastika, fomu yake hurushwa makao makuu, ambako jibu huchukua mwezi mzima kurudi, na hapa kwetu seva hubaki na mstari mmoja tu wa kumbukumbu, kitaalamu tunaita logi, wenye saa, namba ya kadi, jina la mtu, jina la mama yake na kambi aliyopelekwa. Mstari huo, ndugu zangu, ulikuwa mrefu. Ulikuwa unavuka kioo na kuning'inia kama ulimi wa mbuzi. Ofisi yangu haikuweza kulifumbia macho jambo hilo. Jumatatu saa mbili asubuhi, katika utekelezaji wa Mradi Mkakati wa Kuboresha Fomati za Logi Mwambao wa Ziwa Tanganyika, Awamu ya Kwanza, nilifungua faili la seting'i na kuufupisha mstari kwa asilimia sitini na nane. Saa, ukoo, kambi. Basi.

(Mzee Ndayikunda: "Ukoo gani huo?")

Swali zuri, mzee wangu, limepokelewa na litafanyiwa kazi.

Sasa changamoto. Hazikupita dakika tano logi ikaanza kutoa saa, kistari, kambi. Saa, kistari, kambi. Mahali pa jina pamekaa kistari kama kijiti cha kiberiti. Kiongozi mwingine angetetereka, mimi nikaunda kamati ya mtu mmoja. Nilikagua mabano yote, nikahamisha mkato, nikaristati seva mara kumi na moja, nikashuku kwamba inasoma faili la zamani, nikalifuta faili la zamani, seva ikagoma, nikalirudisha kimyakimya. Nikalaumu jenereta. Nikalaumu unyevu wa ziwa, ambao kutoka hapa uko mbali, lakini unyevu una mbinu zake. Dada Skolastika akaniambia, "Telesphory, rudisha kama ulivyokuta." Nikamjibu, "Dada, haya ni masuala ya kitaalamu." (Dada Skolastika, dirishani: "Waambie na ni siku ngapi.")

Siku mbili, ndugu zangu. Siku mbili za utafiti wa kina, ambamo watu mia mbili na kumi na wawili walihudumiwa bila foleni kusimama, sawa na asilimia mia moja na nne ya lengo, na vistari vilivyozalishwa ni mia mbili na kumi na viwili, hakuna hata kimoja kilichopotea. (Mtu mmoja anapiga makofi, anakatazwa na mkewe.)

Ufumbuzi ulipatikana leo asubuhi kwa ushirikishwaji wa wadau. Mama Capitoline alifika. Binti yake Irambona, miaka kumi na minne, alipanda meli Jumatatu alfajiri, meli ikajaa, mama akabaki ufukweni kungoja safari nyingine. Akaniuliza jambo moja tu: mwanangu amepelekwa kambi ipi, nami nipande basi lipi. Nikamwambia, kwa sauti hii hii ya uongozi, "Mama, nipe jina la ukoo."

"Irambona."

"Hilo ni lake. La ukoo."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Baba yake ni Bucumi, kaka yake ni Manariyo, yeye ni Irambona. Unataka la nani?"

Mzee Ndayikunda akaingilia: "Oya, hapana, kijana. Kwetu mtoto anapewa jina lake mwenyewe akizaliwa, harithi la mtu. Andikisha nyumba nzima, hutapata majina mawili yanayofanana."

Hapo mtaalamu akakaa chini. Dada Skolastika alikuwa anakiacha kisanduku cha ukoo kwenye fomu kitupu, kwa haki kabisa, kwa kila mtu, na seva ikiambiwa iandike kitu kisichokuwepo, huandika kistari. Haikuwa mbovu hata dakika moja. Mabano yalikuwa sawa, mkato ulikuwa sawa. Sisi huko Gungu kila fomu inataka majina matatu, lako, la baba, la ukoo, nikadhani dunia nzima inajazwa hivyo.

Nimekwisha kurekebisha. Tangu saa nne mstari ni mrefu tena na unapendeza. (Dereva anapiga honi. Mama Capitoline: "Na wale wa Jumatatu?")

Naomba sote tuseme kaulimbiu. Nikisema logi fupi, mseme huduma ndefu. Logi fupi. (Honi.) Logi fupi. (Honi tena.)

Haya. Namalizia kwa kumshukuru mfadhili wa Mradi Mkakati, ambaye hayupo, na kamati, ambayo ni mimi, na mradi wenyewe, ambao haujawahi kuwepo popote isipokuwa mdomoni mwangu. Hakuna aliyenituma kugusa lile faili. Mstari ulinikera macho tu. Aliyenituma hapa nje ni Dada Skolastika, amesema nitoke mwenyewe nikuambie, na nimezunguka kote huko, mama, kwa kuogopa kukutazama.

Seva haikumbuki kitu ambacho haikuambiwa kuandika. Vistari vya Jumatatu, sitini na vitatu vilikwenda kambi ya zamani, hamsini na vinane kambi mpya, na kimojawapo ni Irambona. Ukishashuka kambi moja, kuhamia nyingine ni kibali, na kibali ni miezi. Mabasi yanaondoka sasa hivi, mama, na mimi sijui nikuambie upande lipi.